Nilimwambia fundi mara tatu asiguse diski ya ndani, asubuhi laptopu ya bosi haiwaki. Mafundi wa Mwanza mnatutafutia nini?

Mwangaluka wana Mwanza. Wakubwa shikamooni, rika langu mambo. Nimekaa siku mbili bila kuandika hapa kwa sababu nilijijua: ningeandika na ile hasira ya kwanza ningetaja jina la duka, na mods wangenitoa. Hasira ipo palepale, ila jina nimelimeza.

Mimi ni karani wa mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa pale mwaloni Kirumba. Naandika magunia yanayoingia, yanayotoka, nani kachukua kwa mali kauli, mteja gani wa Kongo kalipa nusu na nusu kaenda nayo. Yote hayo yamo kwenye laptopu ya ofisi, ya mama mwenyewe, Windows 11. Nyumbani Buswelu nina kompyuta ya mezani ya zamani ambayo hadi diski yake ilikufa nikaitoa. Hata isingekufa, mashine haikidhi masharti ya Windows 11, na Windows 10 ilishaachwa bila masasisho ya kawaida tangu 14 Oktoba 2025. Nikapiga hesabu: kwa nini ninunue kompyuta? Nanunua SSD ya GB 256 na kasha lake la USB, naweka mfumo endeshi humo humo, hata Linux, ule wa bure. Nikichomeka nyumbani inawaka. Nikichomeka ofisini saa ya chakula inawaka, najifunzia mambo yangu. Nikichomoa, kila mashine inabaki kama nilivyoikuta. Na mama nilimwomba ruhusa, akasema sawa, mradi vitabu vyake visiguswe.

Sasa sikieni usanii.

Duru ya kwanza SSD nilikuwa sijainunua, nikampelekea fundi flashi ya GB 32. "Kaka, nakuwekea Linux hapa hapa, soda haitaisha." Kweli haikuisha. Dakika kumi, elfu kumi na tano. Nimefika nyumbani, imewaka, nimekesha mpaka saa nane usiku, nimezima, nimelala kwa raha. Kesho yake nawasha: hamna kitu. Hata nywila ya waifai haikumbuki. Kumbe aliniwekea ile laivu ya kujaribia, ambayo mfumo unasoma kutoka kwenye flashi lakini kila unachoandika kinakaa kwenye RAM, ukizima kimekwenda na maji. Hakutenga hata sehemu ndogo ya kuhifadhia. Nampigia ananiambia, "Kaka, hukusema unataka kusevu." Jamani! Mtu akija hotelini kwako kuagiza wali, aseme pia kwamba anataka sahani?

Mtaniuliza kwa nini nilirudi kwake. Nilirudi kwa sababu jamaa mdomo anao. Nilipopata SSD nikamuuliza kama naweza kupigiwa Windows humo, akanieleza vizuri, na nilivyokuja kuhakiki baadaye nikakuta kweli: kisakinishi cha Windows kinakataa diski iliyochomekwa kwa USB, kinakuandikia kabisa kwamba haiwezekani. Zamani kulikuwa na Windows To Go, Windows ya kuwaka kutoka USB, ilikuja na Windows 8 toleo la makampuni, Microsoft wakaiondoa kwenye Windows 10 toleo la 2004, mwaka 2020. Leo unaweza kuitengeneza kwa njia ya pembeni kwa programu iitwayo Rufus, lakini Linux haina makuu: draiva nyingi, zile programu za kuendeshea vifaa, zimo ndani ya keneli yenyewe, kiini cha mfumo, unaihamisha mashine hii kwenda ile na inajipanga. Mtu akikuongelesha hivyo unaamini. Nikampa elfu arobaini na laptopu ya ofisi mkononi, kwa sababu kompyuta yake alisema "ina kazi ya mtu".

Nikamwambia, usiguse diski ya ndani. Akasema sawa. Nikamwambia tena wakati anachomeka. Akacheka, "Kaka, unaniona mtoto?" Mara ya tatu nikasimama nyuma yake nikaangalia skrini. Na hapa nikiri: niliona kwa macho yangu akichagua eksteno, yaani SSD yangu ya nje ambayo Linux inaiita sdb, pale pa kuweka mfumo, na akachagua sdb hiyohiyo pale panapouliza butiloda, programu ya kuwashia mfumo, ikae wapi. Nikaridhika. Ikamaliza, akawasha, ikawaka na eksteno ikiwa imechomekwa. "Si unaona?" Nikaona. Nikarudi mwaloni nikiwa mtu mwenye maendeleo.

Jioni nikachomoa, nikapanda daladala na eksteno yangu mfukoni. Nyumbani nachomeka, nabonyeza F12, nachagua USB. Hakuna kifaa cha kuwakia. Nabadilisha waya, nabadilisha tundu. Hakuna. Nikajisemea labda kompyuta yenyewe imezeeka. Nikalala.

Asubuhi saa moja kasoro simu ya mama. Hii ilikuwa wiki ya giza, wavuvi wa dagaa mnajua maana yake: mbalamwezi watu wanapumzika, giza likiingia taa zinatoka ziwani na magunia yanashuka mfululizo. Mteja kasimama, gari linasubiri. "Kijana wangu, kompyuta imeandika Kizungu cheusi." Nafika mbio, nakuta skrini nyeusi, juu imeandikwa GNU GRUB, ndiyo hiyo butiloda ya Linux, chini kuna neno grub na alama ya mshale, kinapepesa kinasubiri amri. Windows hakuna. Mama ananiangalia. Mteja ananiangalia. Mpaka kuli aliyebeba gunia kasimama nalo mgongoni ananiangalia.

Kilichotokea nimekuja kuelezwa na kijana mmoja anayesoma chuo kule Malimbe, Mungu ampe maisha marefu, na nawaandikia hapa kwa sababu yeyote anayetaka kuweka mfumo kwenye eksteno hili litampata.

Kompyuta za siku hizi zinazotumia UEFI, programu ya ndani inayoamsha mashine, zina patisheni ndogo ya FAT32 (sehemu iliyotengwa) kwenye diski, kazi yake ni kutunza mafaili ya kuwashia. Windows ya mama ina ya kwake kwenye diski ya ndani. Eksteno yangu nayo ilitengenezewa ya kwake. Lakini visakinishi kadhaa vya Linux vina ugonjwa wa miaka mingi: hata ukichagua butiloda ikae sdb, kikikuta patisheni ya namna hiyo kwenye diski ya ndani kinaandika humo. Kinakuuliza, unajibu, kinafanya chake. Kwa hiyo mfumo wangu uko kwenye eksteno, ufunguo wa kuuwashia umebaki ndani ya laptopu ya mama, na umejiweka wa kwanza kwenye foleni mbele ya Windows. Eksteno ikichomolewa, GRUB inaamka, inatafuta mafaili yake mengine, haiyaoni, inakaa pale inapepesa. Na eksteno ikifika Buswelu haina ufunguo. Ile patisheni yake ndogo tulikuja kuifungua, tupu. Tupu kabisa, kama mtumbwi uliorudi na nyavu kavu.

Fundi anayekula hela za watu kwa kazi hii kila siku anatakiwa alijue hilo. Kinga yake ni skrubu tu: unafungua mfuniko, unatoa diski ya ndani, unasakinisha, unairudisha. Kama unaogopa kufungua laptopu ya watu, kuna GParted, programu ya kupangia patisheni. Unaondoa kwanza zile alama za boot na esp kwenye patisheni ya ndani, unasakinisha, unazirudisha. Kuna kompyuta nyingine unazima diski ya ndani kwenye BIOS kabisa, ile mipangilio ya kuamshia mashine. Na ukishamaliza, kujaribu kwake si kuwasha na eksteno ikiwa imechomekwa kwenye mashine ileile! Chomoa, washa Windows ya mwenye laptopu. Halafu chukua eksteno, iwashe kwenye mashine nyingine. Dakika tano. Hakunipa hata dakika tano katika elfu arobaini.

Bado hamjasikia la kwangu kubwa. Nikiwa pale mwaloni nikabonyeza kitufe cha menyu ya kuwakia, nikachagua Windows Boot Manager mwenyewe, nikajua nimepona. Ikaja skrini ya bluu ya BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski, inadai ufunguo wa tarakimu 48. Mama hata neno BitLocker hajawahi kulisikia. Laptopu ilifunguliwa mara ya kwanza na mpwa wake, akaweka akaunti yake, usimbaji ukajiwasha wenyewe, na mpwa wakati huo yuko safarini simu haipatikani. Nampigia fundi. Jibu lake nalinukuu: "Kaka, hiyo dawa yake ni kupiga Windows upya. Lete na elfu thelathini." Namuuliza, na mafaili? "Mafaili tena ndiyo basi."

Elfu thelathini nimlipe afute vitabu vya dagaa vya mwaka mzima alivyovifungia yeye. Huyu si fundi, ni kishoka. Na nusura nikubali, wakuu, nisiwadanganye. Mama alishaanza kunyamaza, na wanaomjua mama huyu wanajua akinyamaza ni vibaya kuliko akifoka.

Yule kijana wa Malimbe nilipewa namba yake na jirani mmoja. Aliuliza swali moja tu kwenye simu: "Kaka, fundi alizima Secure Boot?" Ule ulinzi wa kuwashia mashine. Sijui. "Ingia BIOS uangalie." Naingia: imezimwa. "Iwashe, sevu, chagua Windows tena." Nikawasha. Windows ikafunguka bila kudai tarakimu hata moja. BitLocker iliona mlango wa kuwashia umebadilishwa ikajifunga. Uliporudishwa ulivyokuwa, ikaridhika. Nikaihamisha Windows iwe ya kwanza kwenye foleni. Bure. Alikataa hata hela ya vocha. Kishoka angenilia elfu thelathini na vitabu angefuta.

Eksteno tuliitengeneza usiku nyumbani, yeye kwenye simu mimi kwenye kibodi. Tulitumia ileile flashi ya laivu ya duru ya kwanza, angalau imepata kazi. Na kwa kuwa kompyuta yangu haina diski ndani, hata ningetaka kukosea nisingekuwa na pa kukosea. Tukarudia grub-install, amri ya kuweka GRUB, tukiielekeza kwenye patisheni ndogo ya eksteno, tukaongeza neno --removable. Hilo neno ndilo lenyewe: linaweka faili kwenye njia ya EFI/BOOT kwa jina la BOOTX64.EFI, ambayo karibu kompyuta yoyote ya UEFI inaitazama ikichomekewa diski ngeni. Ikawaka. Mke wangu anashangaa mtu mzima anashangilia skrini saa sita usiku.

NYONGEZA: Mkuu uliyeniuliza kama inafanya kazi taratibu, tundu za mbele za kompyuta yangu ni USB 2, megabiti 480 kwa sekunde, unaweza kwenda kuchemsha chai. Za nyuma za bluu ni USB 3, gigabiti 5, hapo husikii tofauti kubwa na diski ya ndani. Na usiitikise wakati inafanya kazi, waya ukilegea mfumo mzima unaganda.

Wewe mwingine unayesema "ungejifanyia mwenyewe", asante. Siku gari lako likiharibika utambae chini yake mwenyewe.

NYONGEZA YA PILI: Fundi ameuona uzi. Kanitumia ujumbe wa sauti, sasa hivi naitwa "braza wangu", anaomba niufute atanirudishia elfu ishirini "ya ubinadamu". Braza wako alikulipa elfu arobaini, na kabla yake elfu kumi na tano. Jumla unaijua. Nipo mwaloni mpaka saa kumi na moja jioni, ukifika ulizia ofisi yenye mama aliyenyamaza.