Bendera ya Perry ya 1813: ishonwe vipi idumu nje?

Swali
Wakuu, salamu kutoka Erie, Pennsylvania. Nataka kushona ile bendera ya buluu ya Perry, kamanda wa jeshi la maji la Marekani katika vita vya Ziwa Erie dhidi ya Waingereza, yenye maneno meupe DONT GIVE UP THE SHIP (msiiache meli), ipepee mwaka mzima kwenye mlingoti wa futi 20. Za dukani nyingi zimechapwa, futi 3 kwa 5. Kitambaa gani kitahimili, na herufi zikae vipi?

Fundi wa turubai
Umbo la dukani liache. Ya asili, iliyohifadhiwa kwenye chuo cha jeshi la maji la Marekani huko Annapolis, ni karibu mraba. Kwa mlingoti huo sm 120 kwa 120 inatosha. Maneno yana mistari mitatu: DONT GIVE, UP THE, SHIP. Herufi sm 14 kwenda juu, upana usizidi 10, la sivyo mstari wa kwanza hautaenea. Na DONT haina ritifaa (alama ya '). Wengi huiongeza wakidhani wanasahihisha. Tafadhali usiiongeze, wanawake wa mji wako walishona hivyo.

Karibu na ziwa upepo ni mkali, chukua polista nzito ya kufumwa. Nailoni ya denia 200 (kipimo cha unene wa nyuzi) ni nyepesi, hukauka upesi na hupepea hata kwa upepo mdogo, ila ufukweni huchanika mapema.

Mshonaji
Naongeza upande wa uzi, maana hapo ndipo bendera nyingi hufia. Uzi wa pamba huozeshwa na jua. Herufi zinaachia kitambaa kikiwa bado kizima. Tumia uzi wa polista wa unene wa Tex 45, sindano ya saizi 90/14, kila hatua ya mshono mm 3. Ukibana zaidi, matundu yanakaribiana na kitambaa kinachanika kwa mstari kama stempu.

Herufi nyeupe zishone kwa zigizaga upande mmoja tu, kisha geuza ukate buluu iliyo nyuma yake, ukiacha mm 5 toka mshono. Usipokata, nyeupe inaonekana chafu jua likipita.

Muulizaji
Nyuma si itasomeka kinyume, mkuu?

Mshonaji
Ndiyo, na ikubali. Kusomeka pande zote kunataka tabaka mbili na kizuia mwanga katikati: inakuwa nzito, inaning'inia tu.

Fundi wa turubai
Pindo la upande unaopepea likunje mara tatu, mistari minne ya mshono, rudi nyuma kila mwisho, na kiraka cha pembetatu kila kona. Kona ndizo hutangulia kufumuka. Ukiona nyuzi mbili tatu zimetoka, ishushe siku hiyohiyo, kata sm 2, pinda upya.