Kampuni za mifumo, acheni kutushika mateka!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mfumo wetu wa kompyuta tumeulipia wote, hatudaiwi hata senti. Leo tunataka kuuhamishia kwenye seva nyingine, kumbe domeini (anwani yake ya mtandaoni) imesajiliwa kwa jina la kampuni iliyotujengea, nenosiri la admini wanalo wao, nakala rudufu ziko kwao, na msimbo chanzo (maandishi ya programu yenyewe) eti haumo kwenye mkataba. Msajili wa domeini naye anasema anamtambua aliyeandikwa kwenye usajili, basi. Ukiwauliza wanakujibu, "Tuaminini, sisi ni wabia." Ubia gani huu, mmoja anashika funguo zote na aliyelipa anabaki kupiga hodi?

Tiketi, yaani taarifa ya tatizo unayowatumia, ndiyo kiinimacho kabisa. Mkataba unaahidi kujibu ndani ya saa nne. Kujibu wanajibu, tena papo hapo: ujumbe wa mashine, "tumepokea tiketi yako". Ahadi imetimizwa, mfumo bado umelala! Muda wa kutatua tatizo haukuandikwa popote. Halafu ile asilimia 99.9 ya kuwa hewani wanayojisifia: kwa hesabu hiyo mfumo unaruhusiwa kuzimika takriban dakika 43 kwa mwezi, haifiki saa tisa kwa mwaka. Sisi tulishazimaliza ndani ya wikiendi moja, lakini ripoti yao ni kijani tupu, maana kila ukizimika wanaita "matengenezo yaliyopangwa". Yamepangwa na nani, na aliambiwa nani?

Omba maandishi sasa. Utaambiwa wao wanafuata Agile, mtindo wa kujenga programu kwa hatua fupifupi, makaratasi ni ya kizamani. Ilani ya Agile ya 2001 inatanguliza kushirikiana na mteja kuliko kuvutana juu ya mkataba, sawa, ila hiyohiyo inakiri kwamba mkataba nao una thamani. Haikusema mteja afichwe nenosiri lake.

(Najua wapo wateja wanaobadilisha mahitaji kila kukicha na hawataki bei ipande. Hao wasemeni kivyao.)

Tunachodai: domeini kwa jina letu, akaunti ya admini mikononi mwetu, nakala rudufu tunazoweza kuzirejesha bila wao kuwapo, na msimbo uhifadhiwe kwa mtu wa tatu ili wakifilisika tusizame nao.

Aliyewahi kuitoa domeini yake kwa watu wa namna hii bila kufika mahakamani, alipitia wapi? Risiti zote ninazo.