Kamati za vyeo vyuoni, makala za Kiswahili mnazipima kwa kitu gani?

Wakuu, hili nimelinyamazia muda mrefu na sasa basi. Chuo sitakitaja. Mwalimu wa Kiswahili anaomba kupanda kutoka mhadhiri kuwa mhadhiri mwandamizi. Kamati inafungua Scopus, hifadhidata ya mtandaoni ya machapisho ya kitaaluma, inaandika jina lake, zinatokea makala mbili. Nyingine zote, zilizopitiwa na wataalamu na kuchapishwa katika majarida ya Kiswahili, zinaambiwa "athari yake haionekani". Haionekani kwa nani?

Scopus ni mali ya kampuni ya uchapishaji ya Elsevier, ipo tangu 2004. Inahesabu marejeleo yaliyomo kwenye machapisho ambayo imeyachagua yenyewe. Jarida lako likiwa nje ya orodha, makala yako haimo, na mwenzako akiirejelea katika jarida jingine lililo nje, rejeleo hilo nalo halihesabiwi. Tunafutwa mara mbili, kisha tunaulizwa mbona hatusomwi!

Halafu hicho kigezo cha athari cha jarida. Eugene Garfield na Irving Sher walikibuni miaka ya 1960 wapate kuchagua majarida ya kuingiza katika faharasa yao. Ni wastani tu: marejeleo ya mwaka huu kwa makala za miaka miwili iliyopita, ugawe kwa idadi ya makala hizo. Garfield mwenyewe alionya kisitumike kumpima mtafiti mmoja mmoja. Na hiyo miaka miwili ni ya nani? Kwetu mwanafunzi wa uzamivu anaisoma makala yako ya 2018, anakwenda uwandani, anasubiri watahini, anakuja kukurejelea 2023. Dirisha lilishafungwa zamani.

Indeksi ya h, namba ya kumpima mtafiti mmoja mmoja, aliileta mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 10, h yako ni 10. Aliyeandika kazi moja kubwa ikarejelewa mara 1,000, na nyingine zake hazikurejelewa, ana 1. Kwa hesabu hiyo mnamweka mwalimu wa ushairi, anayeandika peke yake, kwenye jedwali moja na mtafiti wa tiba anayeandika na wenzake ishirini. Huu ni uonevu, na kamati inajua.

Tena namba haisemi umerejelewa kwa sifa au kwa kulaaniwa. Makala ya daktari Andrew Wakefield ya 1998 katika The Lancet, iliyohusisha chanjo na usonji, ilifutwa 2010, na imerejelewa mno, wengi wakiipinga.

Najua yupo atakayesema tutumie vipimo vya mtandaoni, vilivyopigiwa debe tangu 2010. Vinafuatilia makala ikitajwa kwenye habari, Wikipedia, nyaraka za sera na mitandao ya kijamii, na hutegemea sana DOI, namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni. Makala zetu nyingi hazina DOI. Zinasambaa kama PDF kwenye magrupu ya WhatsApp ya walimu wa kidato cha tano na sita, na huko hakuna mashine inayohesabu. Mwalimu anaichukua hoja yako ya fasihi simulizi, anaifundisha darasa zima, watoto wanaijibia mtihani. Hiyo kwenu ni sifuri.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba viongozi hao hao tarehe 7 Julai wanapanda jukwaani kutuhubiria Siku ya Kiswahili Duniani.

Wala msituambie hakuna njia nyingine. Azimio la San Francisco la 2012, kuhusu kutathmini utafiti, linakataa kigezo cha athari cha jarida kutumika kuajiri na kupandisha watu vyeo. Ilani ya Leiden ya 2015, kuhusu vipimo vya utafiti, inataka utafiti wenye manufaa kwa jamii husika ulindwe, na inazitaja lugha zisizo Kiingereza.

Someni makala zenyewe! Wapeni wasomaji wawili wanaoijua fani, waandike ripoti, na mwombaji aione. Mliomo kwenye kamati hizo, na najua mmo humu, jibuni: mara ya mwisho mlisoma lini makala ya mwombaji mpaka mwisho kabla ya kumkatalia?