Tupeane uzoefu: mchoro wa haraka wa saifai unaufikishaje kuwa picha kamili?

KalamuNyeusi

Wakuu, heshima kwenu. Mchoro wa nusu saa wa saifai (hadithi za kubuni za kisayansi) kila mtu humu anao: chombo cha anga, mji wa chuma, roboti kasimama jangwani. Kwa mbali unavutia. Ukianza kuumalizia, vitu vinaongezeka na uhai unatoka. Uzi huu ni wa namna ya kuvuka hapo. Sharti moja: historia zetu tuziweke kando, tulete hatua, vipimo na sababu.

Ili tusipishane tutumie mfano mmoja: jukwaa la kurushia roketi baharini, Ngomeni karibu na Malindi, tukilikuza liwe la karne zijazo. Si ubunifu mtupu. Waitaliano walirusha roketi za Scout kutoka jukwaa la San Marco pale kuanzia 1967 hadi 1988, na satelaiti ya Uhuru ilitokea hapo tarehe 12 Desemba 1970. Kwa hiyo picha za kurejea zipo.

Naanza na toni, yaani kiwango cha mwanga na giza. Rasimu iwe ndogo, pikseli 1240 kwa 877, na toni tatu tu: anga mwangaza wa asilimia 80 hivi, bahari 50, jukwaa na mnara 25. Punguza picha ibaki upana wa vidole viwili kwenye kioo. Kama mnara hauonekani hapo, brashi ndogo haitauokoa, badilisha toni kwanza. Ikikubali, kuza mara 4 upate 4960 kwa 3508, ambayo ni A3 kwa nukta 300 kwa inchi. Itatoka na ukungu, na usiuogope.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanachora mistari upya juu ya zile kingo zenye ukungu. Mstari wa rasimu ulitoka begani kwa kasi, huu wa kufuatisha unatoka kwenye vidole na una woga. Fanya hivi badala yake. Chukua zana ya kukata umbo, zungushia mnara mzima kwa mkupuo mmoja, mwaga rangi moja bapa kwenye leya yake (tabaka la picha linalojitegemea), halafu funga leya hiyo ili rangi isitoke nje ya umbo. Ndani ya umbo hilo paka unavyotaka. Mwili wa kitu unabaki ule ule uliokuvutia kwenye rasimu.

fundi_kipimo

Mkuu KalamuNyeusi umegusa toni, mimi niguse ukubwa, maana saifai nyingi zinafia hapo. Mtu anasema mnara wake una mita 300, macho yanasoma mita 12.

Baharini kipimo unapewa bure na upeo wa macho. Mtazamaji akiwa kwenye mashua na macho yake yako mita 2 juu ya maji, mstari wa upeo unakata kila kitu mita 2 juu ya maji, kiwe karibu au mbali. Sasa pima. Kwenye kanvasi yetu, tuseme kutoka maji yanapogusa mguu wa jukwaa hadi mstari wa upeo ni pikseli 60. Basi pale mita 1 ni pikseli 30. Mtu wa mita 1.7 ni pikseli 51. Reli ya kuzuia watu wasianguke, mita 1.1, ni pikseli 33. Mnara wa mita 90 ni pikseli 2,700, unakaribia kugusa ukingo wa juu. Mashua iliyo mbali zaidi, ambapo kutoka maji hadi upeo ni pikseli 20, mlingoti wake wa mita 6 utakuwa pikseli 60, basi.

Ukishapata hesabu hiyo, chora vitu vitatu ambavyo kila mtu anavijua ukubwa wake: mlango, ngazi, mtu. Viwe vichache na viwe sahihi. Mawimbi nayo yanasema ukweli: wimbi nene lenye povu la kuviringika linalifanya jukwaa lionekane kama kichezeo bafuni. Kadiri jengo linavyokuwa kubwa, mawimbi yanatakiwa yawe membamba na mengi, na karibu na upeo yageuke mistari ya kulala tu.

BiNuru

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Amueni jua liko wapi kabla ya rangi yoyote, na mliandike pembeni ya kanvasi kwa namba. Jua likiwa nyuzi 45 juu ya upeo, kivuli kinalingana na urefu wa kitu. Likishuka hadi nyuzi 30 kivuli kinakuwa mara 1.7. Ngomeni iko kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta, hivyo katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita mchana linapita karibu na utosi. Sitaha ya jukwaa itawaka, kuta za pembeni zitakuwa gizani zote, na kivuli kitajikusanya chini ya kitu kama maji yaliyomwagika. Ni mwanga mgumu kuupaka lakini una nguvu, na hauonekani kwenye picha nyingi za saifai kwa sababu wachoraji wengi wamezoea jua la pembeni.

Halafu jamani, pwani ile inatazama mashariki. Ukichora jua jekundu linazama kwenye bahari kuu, mtu wa Malindi atakucheka. Jua linachomoza baharini na kuzama bara. Asubuhi, mtazamaji aliyesimama ufukweni anaona jukwaa kama kivuli cheusi mbele ya mwanga. Jioni uso mzima wa jukwaa unaangazwa na mwanga wa dhahabu kutoka nyuma ya mtazamaji, na bahari nyuma yake inabaki bluu nzito. Hizo ni picha mbili tofauti kabisa, chagueni moja.

Rangi za kivuli: chini ya sitaha msiweke nyeusi. Maji yanarudisha mwanga juu, kwa hiyo tumbo la jukwaa linapata kijani-bluu hafifu, kinachokolea karibu na maji na kufifia kadiri mnavyopanda. Kijivu cha chuma kilichoangazwa kikivutwa kidogo kwenye njano, cha kivulini kikavutwa kwenye bluu, tayari mna chuma, hata kabla ya bolti moja.

Vitu vya mbali: hewa ya pwani ina unyevu, kwa hiyo giza la vitu vya nyuma linapungua na kuelekea rangi ya anga. Sehemu zenye mwanga zinabadilika kidogo tu. Kosa ni kupunguza mwonekano wa leya nzima hadi mguu wa jukwaa unakuwa kama kioo na mawimbi yanaonekana kupitia kwake. Pakeni rangi ya anga juu yake kwa brashi laini, asilimia 10 hadi 15 kila mpito, leya ikiwa imefungwa.

Chachandu

Naongezea hapo kwa dada BiNuru: hayo ya hewa ni ya Dunia. Mkipeleka jukwaa lenu Mwezini, hakuna hewa, kwa hiyo mlima wa mbali una giza kali sawasawa na jiwe la miguuni. Ukiweka ukungu umeua picha. Umbali utaonyesha kwa vitu kufunikana na kwa ukubwa tu. Mirihi ina vumbi hewani: mchana anga ni ya kahawia-njano, na jua linapozama eneo linalolizunguka huwa na ubluu. Wengi wanapaka machweo mekundu kule kwa mazoea.

mgeni_wa_brashi

Wadau mimi natumia simu tu na kalamu ya elfu tano. Hii A3 si itagoma?

MzeeWaLeya

Itagoma, ndiyo. Fanya hesabu: 4960 kwa 3508 ni pikseli milioni 17.4. Leya moja iliyojaa kwa biti 8 (kina cha rangi) inakula megabaiti 70 hivi za kumbukumbu, kwa biti 16 inakula 139. Leya 30 za biti 16 ni zaidi ya gigabaiti 4, na mfumo wenyewe haujala. Kwa simu fanya A4, 3508 kwa 2480, biti 8, leya zisizidi 8. Unganisha leya kila unapomaliza hatua.

Hata kwa mwenye kompyuta, leya 60 ni dalili ya kutoamua. Zinazotosha: anga, mbali, bahari, jukwaa, mnara, mbele, mwanga, masahihisho. Rasimu ikae juu kabisa kwa modi ya maltiplai (inayotia giza vilivyo chini yake), uiwashe na kuizima kila baada ya muda uone kama bado unaifuata.

Juu ya zote weka leya moja ya kijivu kwenye modi ya rangi. Ukiiwasha, picha yote inageuka nyeusi na nyeupe, unaona toni zako zimesimama au zimelala. Rangi kali hudanganya: nyekundu na kijani vinaweza kuonekana vinapigana kumbe toni ni moja, na mnara unapotea kwenye anga.

Krita, programu ya kuchorea, ina vitufe viwili vya kuvizoea. M inageuza picha kushoto-kulia, na mnara uliopinda unauona papo hapo. Ctrl+Alt+S inahifadhi toleo jipya lenye namba bila kufuta la zamani. Umeme wetu mnaujua. Weka hifadhi ya yenyewe kila dakika 5, na kwenye kompyuta ya mezani usifanye kazi bila betri ya dharura.

fundi_kipimo

Nyongeza ndogo kwa mgeni: ukikuza na kupunguza kioo cha simu kila sekunde utapoteza kipimo. Funga ukuzaji mahali pamoja kwa hatua nzima.

KutuKwaUzuri

Sasa madoido. Wenzetu wanatapanya vibomba na paneli kila mahali, matokeo yake ni ubao wa saketi. Gawa uso wa jukwaa: sehemu kubwa iachwe kimya, paneli bapa zenye tofauti ndogo ya toni, halafu vitu vidogo virundikane sehemu moja au mbili, pale mashine inapofanya kazi: kwenye kiungo, kwenye tundu la moshi, chini ya kreni. Kila kibomba kiwe na kinakotoka na kinakoingia.

Chuma cha baharini hakichakai sawasawa. Eneo linalorushiwa maji, juu kidogo ya usawa wa bahari, ndilo linaloliwa zaidi, kwa sababu linalowa na kukauka na lina hewa tele. Chini yake mguu umevaa kombe na mwani, wenye kijani kibichi. Juu kabisa rangi imepauka kwa jua. Michirizi ya kutu inaanzia mahali: kichwa cha bolti, mshono wa kuchomelea, tundu la maji. Inashuka wima, nyembamba, nyeusi-kahawia juu na rangi ya chungwa chini, inafifia. Michirizi iliyolala upande bila sababu inamwambia mtazamaji kwamba umebandika picha.

Ukitumia picha halisi ya kutu au mabati, iwe uliyopiga mwenyewe. Ivute ifuate nukta ya kutokomea ya ukuta huo (pale mistari yake inapokutana kwa mbali), iweke asilimia 20 hadi 30, kisha paka juu yake hadi usijue imeanzia wapi. Ikibaki wazi, jicho linaona aina mbili za ukali kwenye kitu kimoja, na hapo uongo umejulikana.

Msumari

Mnajisumbua bure na nukta za kutokomea. Jenga maboksi Blender (programu ya maumbo ya pande tatu), kamera yenye lenzi ya milimita 35, toa picha ya kijivu, paka juu. Saa moja kazi imekwisha.

KalamuNyeusi

Mkuu Msumari, inafaa kwa jukwaa lenyewe, hasa ule mtandao wa nguzo za mkingamo. Ila rasimu ya mkono karibu kila mara imedanganya kidogo: mnara umeinama, mguu wa mbele umenenepa kupita kiasi. Uongo huo ndio ulioleta mwendo. Ukiweka Blender juu ya rasimu utaona havilingani, na mtu mvivu atafuata Blender. Fuata rasimu: sogeza kamera chini na karibu, punguza milimita hadi 24 au 20, nenepesha huo mguu kwa makusudi.

Chachandu

Moto wa roketi, maana ndio unaokosewa kuliko yote. Scout ilitumia fueli ngumu hatua zote nne. Fueli ngumu yenye unga wa alumini inatoa moto mkali mweupe-njano na moshi mzito mweupe. Haidrojeni na oksijeni zinatoa moto wa kufifia sana, karibu hauonekani mchana, na mvuke. Mafuta ya taa yanatoa moto wa njano unaowaka. Kwa hiyo amua fueli kwanza. Na juu kabisa, penye hewa nyembamba, moto haubaki mkuki, unatanuka kama mwavuli.

Kupaka: kiini kiwe karibu cheupe, rangi ya chungwa ikae kingoni. Ukiweka chungwa kali katikati unapata karoti. Leya ya kujumlisha mwanga ipakwe kwa rangi iliyo giza, chungwa la asilimia 30 hivi, mipito mingi hafifu. Ukitumia rangi angavu, mpito mmoja tu unageuka nyeupe tupu, na haurudi. Ili moto uwe na mahali pa kupanda, vitu vingine vyote visizidi mwangaza wa asilimia 90. Halafu mwanga huo uangukie vitu: tumbo la mnara, tumbo la moshi, na kwenye maji mfululizo wa vipande unaomfuata mtazamaji, uliokatwakatwa na mawimbi.

BiNuru

Na moshi mweupe una kivuli chake. Upande wa pili wa jua uwe kijivu-bluu cha asilimia 55 au 60. Wengi wanauacha mweupe wote, unakuwa pamba.

MzeeWaLeya

Kwa mnaopeleka kuprinti: bluu na zambarau za neoni hazipo kwenye wino. Bonyeza Ctrl+Y, iwe Photoshop au Krita, uone zitakavyofifia kabla fundi hajakuonyesha. Ng'arisha giza kidogo, maana karatasi haina taa nyuma yake na toni za chini ya asilimia 10 zitaungana kuwa doa moja. Anga laini ikitokea na ngazi ngazi, tatizo ni biti 8: fanya anga kwa biti 16, au nyunyizia chengachenga za asilimia 2 juu yake kabla ya kutoa faili. Usitoe JPEG ya kuprinti kwa ubora wa chini ya 90, zile ngazi zitarudi.

mgeni_wa_brashi

Nimeelewa kuhusu A4. Swali la mwisho: kingo. Zipi ziwe kali?

KutuKwaUzuri

Pale unapotaka jicho lifike kwanza, toni mbili za mbali zikutane kwa ukingo mkali: kichwa cha roketi dhidi ya anga. Penye toni zinazokaribiana, mfano mguu wa jukwaa kwenye kivuli chake majini, poteza ukingo kabisa kwa brashi ya kuchanganya. Moshi uwe na sehemu moja au mbili kali tu, kwingine uyeyuke. Ukikuta kila kitu kina ukingo mkali, chukua brashi pana ya asilimia 20 upitie kingo za mbali, za bahari na za mbele kabisa, kisha piga M uangalie upya.