Adui mwenye nguvu zote anatutaka tusalimu amri kwanza: sababu ipi inasimama?

Mrima_Nyota (mleta mada)

Salaam wakuu. Wanaoandika au kusoma bunilizi ya kisayansi wanaujua ule ukurasa: chombo kimetanda juu ya mji, redio zote zimenyamaza, halafu sauti moja inasema salimuni amri au muangamizwe. Msomaji makini anauliza papo hapo: kama anaweza kutumaliza asubuhi moja, anatuomba ya nini? Mwandishi asipokuwa na jibu, adui wake anageuka debe tupu.

Majibu ninayoyaona yakirudiwa ni haya:

A. Anataka kitu fulani kikiwa kizima.
B. Vita ni ghali hata kwa mwenye nguvu.
C. Anawaonyesha wengine wanaotazama.
D. Sheria au dini yake inamlazimu atangaze kabla ya kupiga.
E. Hana nguvu anazojigamba nazo.

Tulinganishe kwa hoja na mifano ya kweli. Ipi inaweza kubeba riwaya nzima, na ipi inapasuka ukiigusa?

Kokotoo

Naanza na B, maana hesabu yake inajibu nusu ya mada.

Chukueni chombo chenye asilimia 10 ya kasi ya mwanga, yaani kilomita 30,000 kwa sekunde. Kutoka Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiacha Jua, kitatumia zaidi ya miaka 42. Kwa kasi hiyo kila kilo moja ya mzigo inabeba nishati ya jouli trilioni 450, sawa na kilotani 107 hivi za baruti ya TNT. Bomu la Hiroshima lilikuwa na kilotani 15 hivi. Yaani pakiti ya unga ya kilo moja, ikiachwa ije bila breki, ni Hiroshima saba.

Hapo ndipo waandishi wanapoteleza. Wanaiona namba hiyo wanasema basi adui hahitaji kutuomba kitu. Mimi nasema ndiyo maana anaomba. Kuharibu kwake ni rahisi mno. Kutawala ndiko ghali. Jiwe halihitaji breki, askari anaihitaji: nishati ya kumkimbiza, kisha nishati ya kumsimamisha. Wapangaji wa vita hutumia kipimo cha askari 20 kwa kila wakazi 1,000 ili kuishika nchi isiyokutaka. Kwa watu bilioni 8 hao ni askari milioni 160. Mpe kila mmoja kilo 100 tu, mwili na silaha, bila chakula. Nishati ya kuwafikisha kwenye kasi ile inalingana na yote inayotumiwa na dunia nzima kwa miaka 12,000 kwa matumizi ya sasa. Breki bado.

Kwa hiyo adui wa namna hii anaweza kutuua sote, ila hawezi kutuletea polisi. Polisi, mahakimu, mafundi wa umeme, watoza kodi: lazima awakute hapahapa, wakiwa hai, na wakiwa bado wanapokea amri za mtu fulani. Tukisalimu amri anampata huyo mtu.

Pwani_ya_Kale

Kokotoo umepiga penyewe. Nami naongeza kwamba kuna makataa ya aina mbili, na waandishi wanazichanganya: "nitii" na "nipishe". Mfano wa ya pili tunao nyumbani, Unguja.

Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Siku hiyohiyo Khalid bin Barghash akaingia kasri bila idhini ya Waingereza. Waingereza walikuwa na mtu wao tayari, Hamoud bin Mohammed, kwa hiyo hawakumtaka Khalid atii, walimtaka atoke. Makataa ya Admeri Rawson yalikuwa mafupi: shusha bendera, uondoke kasri kabla ya saa 3:00 asubuhi ya tarehe 27. Manowari tano zilikuwa bandarini. Meli za biashara ziliambiwa zisogee. Khalid akajibu kwamba hashushi bendera na haamini kwamba watafyatua. Saa 3:02 mizinga ikaanza, na haikufika hata saa nzima ikawa imekwisha. Upande wa kasri watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa. Waingereza, baharia mmoja aliyejeruhiwa. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizama palepale bandarini, milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji kwa miaka. Alasiri ileile Hamoud alikuwa kitini.

Kwa mwandishi, hizo dakika mbili kati ya saa 3:00 na saa 3:02 zina thamani kuliko milipuko yote. Bendera bado ipo juu, na kila mtu bandarini anaitazama.

Kama adui wako ana mbadala wake tayari, binadamu aliyefundishwa kwao au mashine itakayovaa sura ya serikali, makataa yake yamwendee mtu mmoja, yadai kitendo kimoja kinachoonekana kwa macho, na yawe na saa. Kama hana mbadala, asitishie kumuua kiongozi, maana anamhitaji.

Chuma_na_Waya

Napinga hesabu ya askari. Adui aliyevuka nyota hatabeba askari. Atashusha mashine moja ichimbe madini mwezini, ijizalishe, na baada ya miaka 30 ana mashine milioni 160 bila kusafirisha hata moja. B imekufa.

Kokotoo

Haijafa, umeibadilisha bei tu. Sasa adui analipa kwa muda badala ya nishati. Miaka 30 ya kujenga mwezini, mbele ya darubini zetu, ni miaka 30 ya sisi kujiandaa. Makataa ya siku ya kwanza yanamnunulia utulivu wa miaka hiyo. Na mashine kiwandani inazalisha joto, joto haliwezi kufichwa upande wa mwezi unaotutazama. Ukitumia njia yako, mweke upande wa pili wa mwezi na umpe sababu ya kudai kwanza kwamba tusirushe vyombo vya kuzunguka kule. Sharti hilo dogo la ajabu linaweza kuwa sura ya kwanza nzuri sana.

Bahari_Saba

Kuhusu A, niseme kwa ufupi: isiwe maji. Europa, mwezi wa Mshtarii, inakadiriwa kuwa na maji mengi kuliko bahari zote za Dunia, na hakuna mtu kule wa kumpiga. Isiwe chuma wala dhahabu; vimondo vinavyo. Dunia pekee ina viumbe hai wa aina hii, watu, na walichojifunza. Kitu ambacho kikipigwa jiwe kinapotea. Adui anayetaka misitu, vijidudu vya udongo, lugha, au viwanda vinavyofanya kazi, huyo ana sababu ya kuongea kabla ya kupiga. Lakini basi masharti yake lazima yaifichue sababu hiyo. Anayetaka viwanda hatasema "zimeni umeme". Atasema "msizime kitu chochote, kila mtu abaki kazini". Kwangu hilo linatisha zaidi.

Pwani_ya_Kale

Sahihi kabisa, na hapo kuna swali ambalo A na B zote hazijalijibu: kwa nini anayeombwa asalimu amri aamini kwamba ataachwa?

Tazameni Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika na manowari, akamtishia Amir Ibrahim kwamba ataupiga mji, na Amir akakubali kutoa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Kilwa ikapona. Miaka mitatu baadaye, Julai 1505, Mreno mwingine, Francisco de Almeida, akaja na kundi kubwa la meli, akauteka mji uleule, akaweka mtawala mwingine, akajenga ngome. Mwezi uliofuata akaenda Mombasa, ambayo ilikataa na kupigana, akaipora na kuichoma moto.

Sasa jiweke kwenye baraza la wazee wa Mombasa. Mbele yako kuna mji uliotoa kodi, na bado umevamiwa. Ungeshauri nini? Mwenye nguvu akizidi sana, ahadi yake inapungua thamani, kwa kuwa hakuna wa kumshika asipoitimiza. Huyo adui wa nyota ana tatizo hilohilo. Kadiri unavyomwandika awe na nguvu, ndivyo inavyokuwa vigumu kwake kupata anachoomba. Mpe kitu cha kuweka rehani: watu wake wakae kwetu, chombo chake kimoja kikabidhiwe, au awe na historia ya sayari zilizotii na bado zinatuma salamu kwa redio. Bila hayo, binadamu wakikataa hawatakuwa wajinga, na usiwaandike hivyo.

Daftari_Jekundu

Nichukue C na D.

C ina mfano wa zamani sana. Mwaka 416 kabla ya Kristo Athene, dola ya Ugiriki ya kale, ilipeleka meli kwenye kisiwa cha Melos, ikataka kitii na kulipa kodi. Wamelos wakaomba wabaki bila upande. Waathene wakakataa, na sababu waliyoitoa haikuwa kwamba Melos ni tishio. Walisema visiwa vingine vilivyo chini yao vikiona kisiwa kimoja kimeachwa, vitadhani Athene imeishiwa nguvu. Baada ya kuzingirwa, wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Kwa hiyo C inahitaji hadhira. Kama hakuna sayari nyingine inayosikia, C haina kazi. Na kama ipo, adui hawezi kukubali jibu la katikati, hata lingemfaa. Hapo mwandishi anapata mazungumzo makali, maana pande zote mbili zina akili na bado hakuna pa kukutania.

Kipande kingine cha Melos: viongozi hawakuwaruhusu wajumbe wa Athene kusema mbele ya umma, waliwakutanisha na wakubwa wachache. Katika riwaya, amua mapema. Makataa yanayotangazwa kwenye kila simu yanawagawa wananchi na serikali yao. Makataa ya siri kwa watu 12 yanawagawa hao 12.

D naiona dhaifu ikisimama peke yake. Wahispania waliandika tangazo lao mwaka 1513, likitaka wenyeji wa Amerika wakubali mamlaka ya Papa na mfalme. Lilisomwa kwa lugha ambayo wasikilizaji hawaielewi, mara nyingine pasipo na msikilizaji. Lengo lilikuwa kumsafisha msomaji. Ukitaka D, iandike hivyo: ujumbe unaofika kwa mfumo ambao hatuwezi kuusoma kwa wakati, na upande wa pili kuna karani anayeweka alama kwamba tumearifiwa.

Kokotoo

E ndiyo inayopendwa, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Adui kuwa mnyonge kwa siri si kosa. Kosa ni kuificha siri hiyo hadi mwisho bila kuacha alama. Chombo kilichopunguza kasi kutoka asilimia 10 ya mwanga kimemaliza sehemu kubwa ya mafuta yake, na moto wa injini ulielekezwa kwetu kwa miezi au miaka, kwa hiyo darubini ziliuona. Kutokana na mwanga na muda, wanaastronomia wanaweza kukadiria uzito wake. Waandike wakilinganisha: injini ilipaswa kuwaka siku 400, ikawaka 310, ikazima, ikawaka tena. Alama nyingine ni makataa mafupi bila sababu, kukataa kuonyesha nguvu hata kwenye jangwa tupu, na kudai silaha za nyuklia ziondolewe kwanza kabla ya jambo lolote lingine. Anayeweza kurusha mawe toka mbali haogopi makombora yetu. Akiyaogopa, uliza kwa nini.

Mrima_Nyota

Nashukuru sana wakuu. Swali la ufundi: makataa yawe ya muda gani?

Daftari_Jekundu

Muda unategemea kama adui anataka mkubaliane au mgombane. Mwaka 1853 Perry, kamanda wa jeshi la majini la Marekani, aliingia ghuba ya Edo, Japani, na meli nne, akatoa barua, akasema atarudi mwaka unaofuata kuchukua jibu. Serikali ya shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani, iliyozoea kuamua yenyewe, ikawauliza mabwana wa majimbo maoni yao. Kwa kuuliza tu ikaonyesha kwamba haina jibu. Perry alirudi mwaka 1854 na meli zaidi, mkataba ukatiwa saini, na kufikia 1868 utawala wa mashoguni ulikuwa umekwisha. Miezi ile ya kusubiri iliwatoboa kuliko mizinga. Saa 24 huwaunganisha watu kwa hofu, miezi huwagawa.

Kokotoo

Na pima umbali. Akiwa mwezini, neno linafika kwa sekunde 1.3, mnaweza kubishana kama kwa simu. Akiwa Mirihi, ni dakika 3 hadi 22 kwenda tu. Akiwa Mshtarii, swali na jibu ni zaidi ya saa moja, hivyo katika saa 24 mna nafasi kama 13 hadi 20 za kuuliza. Zihesabu katika sura yako. Kila swali la kipuuzi la waziri fulani linakula moja.

Bahari_Saba

Mleta mada, kabla hujaandika saa, andika jina la anayesalimu amri. Wajapani walipokubali tarehe 15 Agosti 1945, mfalme aliachwa kitini, na kwa neno lake mamilioni ya askari waliotawanyika Asia nzima waliweka silaha chini. Hiroo Onoda, aliyekuwa kisiwa cha Lubang, Ufilipino, hakuliamini tangazo lolote. Alitoka msituni Machi 1974, baada ya aliyekuwa mkubwa wake kusafiri hadi kule na kumsomea amri ana kwa ana. Dunia yako ina serikali karibu 200. Nani atawasomea?