Kujaza upya maganda ya shotigani: kuna faida au kujisumbua tu?

Mkulima wa Magu: Wakuu, salaam. Nina shotigani ya namba 12 (ndio ukubwa wa mtutu), nimeirithi kwa marehemu mzee na leseni ipo kwa jina langu. Nalima mpunga na mahindi huku Magu, kando ya ziwa. Bei ya risasi inanichosha, na maganda matupu yamejaa ndoo nyuma ya mlango. Shemeji yuko Texas, ananirushia video: mashine ya mkono, anabadili fataki (kile kiwashio cha kitakoni), anatia baruti, kizibo, goroli (vile vidonge vya risasi), anakunja mdomo wa ganda, basi. Eti anaokoa hela. Niagize na mimi?

Babu Kirumba: Kwa mwaka unapiga ngapi?

Mkulima wa Magu: Boksi la 25, na huwa zinabaki. Natishia nyani tu, na viboko wakipanda usiku.

Babu Kirumba: Sasa boksi moja ndilo linakuchosha, mwanangu? Piga hesabu. Mfuko wa goroli ni pauni 25, kilo 11 na kitu. Ukitia gramu 32 kila ganda, unatoa risasi kama 350. Kwa mwendo wako hizo ni za miaka 14! Hapo bado mashine, mizani, baruti na fataki. Shemeji yako akienda kulenga visahani vinavyorushwa hewani, ule mchezo wa shabaha, anamaliza mia kwa asubuhi moja. Na hata kwao, faida ya namba 12 za kawaida ni ndogo, kwa sababu za dukani ni rahisi. Wanaofaidi hasa ni wenye shotigani za mtutu mdogo, namba 28 na .410. Risasi zake za dukani ni ghali, ingawa goroli zake ni kiduchu.

Mama Nyegezi: Mnahesabu goroli, kesi hamjaihesabu. Soma Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Leseni ya kumiliki si leseni ya kutengeneza. Huo mzigo ukifunguliwa forodhani, utaeleza nini? Kamuulize OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, kabla shemeji hajatuma hata fataki moja. Halafu kaka, kiboko usimpige goroli. Ngozi ile ni nene mno, unamtia hasira tu, na kesho anayekutana naye ni mtoto anayechota maji. Ita maafisa wanyamapori.

Mkulima wa Magu: Nimewaelewa, mashine naiacha. Ila Mwanza mjini nazungushwa sana nikitafuta risasi.

Mama Nyegezi: Ukifika kwa OCD ulizia na hilo. Duka lenye kibali wanalijua wao, na kitabu chako cha silaha usikisahau nyumbani.