Kwa nini washindi waliikalia Rhineland baada ya amani?

Swali: Ndugu zangu, Mkataba wa Versailles, uliohitimisha Vita vya Kwanza vya Dunia kati ya Ujerumani na nchi zilizoishinda, ulitiwa saini tarehe 28 Juni 1919. Kwa nini basi majeshi ya washindi yalibaki Rhineland, eneo la magharibi mwa Ujerumani kando ya mto Rhine?

Jibu: Ndugu, ardhi ile ilishikwa kama rehani. Mkataba uliyaruhusu majeshi kukaa magharibi mwa mto Rhine kwa miaka 15, yakiondoka Cologne baada ya miaka 5, Koblenz baada ya 10 na Mainz mwishoni, iwapo Ujerumani ingetimiza masharti kwa uaminifu. Na gharama zao zilibebwa na Ujerumani yenyewe, jambo ambalo naamini liliwachoma wananchi sana.

Jibu: Naongeza kwamba Januari 1923, Ujerumani ilipochelewesha mbao na makaa ya mawe ya fidia ya vita, Ufaransa na Ubelgiji ziliingia Ruhr, eneo la migodi ya makaa ya mawe nchini Ujerumani. Wachimbaji waligoma, wakaweka sululu chini, serikali ya Ujerumani ikawalipa kwa noti ilizozidi kuchapisha, hata mkate mmoja ukafikia mabilioni ya marki.

Muulizaji: Nawashukuru. Je, miaka 15 ilitimia?

Jibu: Haikutimia. Wanajeshi wa mwisho wa Ufaransa waliondoka tarehe 30 Juni 1930, miaka mitano kabla ya muda.